Dada Upendo Alivyoshuka Baiskeli

Baiskeli inapoachwa iteremke yenyewe, miguu ya mwendeshaji ikiwa imetulia, gurudumu la nyuma hutoa sauti ndogo ya tiki-tiki-tiki, kama saa ya ukutani iliyoshikwa na haraka. Watu wengi hawaisikii. Mimi huisikia hata katikati ya kelele za Ilomba, mtaa wa Mbeya ninakoishi sasa, fundi wa jirani anapozungusha gurudumu kuangalia kama limenyooka. Nikiisikia tu, vidole vya miguu hujikunja vyenyewe ndani ya viatu. Nilipokuwa darasa la nne sauti hiyo ilikuwa na maana moja tu: dada yangu Upendo ameacha kukanyaga pedali ili asikilize. Tumeshateremka kutoka kwenye tuta la mfereji, mbele yetu kuna uzio wa minyaa, na nyuma ya uzio huo kuna mbwa watatu. Tukisikia njiwa wakilia, mbwa walikuwa wamekwenda mbali pamoja na ng'ombe. Tusiposikia kitu chochote, walikuwa nyumbani, wameshatusikia, nao wanasikiliza vilevile.

Wazazi wangu ni Wahehe wa milimani, upande wa Ilula mkoani Iringa, kule ambako nyanya hupangwa kwenye ndoo kando ya barabara kuu na abiria hununua kupitia madirisha ya mabasi. Baba alichoka na nyanya, maana nyanya haimsubiri mtu, akatuhamishia Usangu kufuata mpunga. Tukapanga nyumba nje kidogo ya Chimala, mahali ambapo ardhi imelala kama jamvi na milima inaonekana kwa mbali upande wa kusini, ya bluu, kama kitu tulichokisahau nyumbani. Sisi watoto tuliozoea ukungu na sweta tulijikuta kwenye nchi ya vumbi, joto na harufu ya pumba za mpunga zinazoungua polepole mchana kutwa. Majirani zetu wengi walikuwa Wasukuma, familia zilizoshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini miaka mingi kabla yetu. Walikuwa wakarimu, wenye sauti kubwa, na walipojua sisi ni Wahehe walifurahi kupita kiasi, kwa sababu ya ule utani wa nchi nzima kwamba Mhehe akiona mbwa huona kitoweo. Hakuna siku niliyokwenda kisimani bila mtu kuniambia, "We binti, mbwa wetu tumewahesabu, tukirudi tunawahesabu tena." Nilicheka kwa adabu. Ndani ya moyo nilijua jambo ambalo watani wetu hawakulijua: katika tambarare yote ile hapakuwa na kiumbe aliyeogopa mbwa kuliko mimi.

Msimu ninaousimulia ni wa kiangazi, baada ya mavuno, wakati ng'ombe wanaingizwa kwenye majaruba ya mpunga kula mabua na asubuhi huwa na ubaridi mwembamba unaokwisha jua likichomoza. Dada Upendo alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari iliyokuwa karibu na barabara kuu, na shule yangu ya msingi ilikuwa imepakana nayo, kwa hiyo alinipakia kwenye keria ya baiskeli ya Baba, ile nyeusi ya kiume yenye bomba la katikati. Kwa kawaida tulipita juu ya tuta la mfereji mpaka shuleni. Lakini kiangazi kile mfereji ulikuwa ukichimbuliwa, tuta limekatwa vipandevipande, na zikabaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuzunguka kwa barabara kuu, pamoja na malori yanayokwenda Tunduma, na hiyo Baba aliikataa hata kabla hatujaitaja. Ya pili ilikuwa kijia kilichokatiza mashamba na kupita katikati ya uwanja wa Mzee Shija, Msukuma mwenye ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote tuliyemfahamu. Baba alitupa sheria moja ya njiani, nayo ilikuwa sheria ya mzazi yeyote mwenye mabinti: "Msisimame popote. Msiongee na mtu. Ni nyumbani hadi shule." Tulimtii. Watoto watiifu kama sisi hawakuwahi kupita kwenye uwanja ule.

Mbwa wa Mzee Shija walikuwa na majina kama ya mbwa wengi wa kule, majina yenye maneno ya kumfikia jirani. Mkubwa wao, mweusi mwenye sikio lililochanika, aliitwa Watasema. Wa pili, wa kijivu, aliitwa Sijali. Wa tatu alikuwa jike la rangi ya vumbi ambalo sikuwahi kulisikia likiitwa, na ndilo nililoliogopa zaidi, kwa sababu halikubweka. Watasema alitoka mbele akipiga kelele, Sijali akatokea ubavuni, na lile jike likaja nyuma kimyakimya, na nyuma ndiko nilikokuwa mimi. Ningependa msomaji aielewe hali yangu. Aliyekaa kwenye keria hana pedali, hana breki, hana usukani. Ana miguu miwili inayoning'inia kila upande. Nililala nikiwaza mguu upi ungefaa kuumwa kama ningelazimika kuchagua. Niliamua wa kushoto, halafu nikakumbuka kwamba mguu wa kushoto ndio ninaoutanguliza nikiruka kamba, nikaanza kuwaza upya. Nilijiuliza kama mbwa hupenda soksi nyeupe. Nilijiuliza kama sala ya asubuhi ya nyumbani, tuliyosali wote kwa Kilutheri chetu cha taratibu, ilikuwa ikifika mpaka uwanja wa Mzee Shija, au ilikuwa na mipaka kama kata.

Tulijaribu kila njia wanayoijua waendesha baiskeli wote duniani. Kwanza mbio: Dada alikanyaga pedali kwa nguvu zake zote, mimi nikakunja miguu hadi magoti yagusane na kidevu, tukapita kama kitu kilichorushwa. Mbwa walifurahia sana mbio zile. Kila siku walitufuata mbali zaidi, ulimi nje, mpaka ikaonekana kama ni mchezo waliouamkia. Kisha mawe. Nilibeba mawe kwenye mfuko wa sweta, lakini ukirusha jiwe kutoka kwenye baiskeli inayoruka mashimo hulengi mbwa, unalenga mkoa. Jiwe langu la kwanza lilimpata Dada mgongoni. Halafu likaja wazo langu mwenyewe, nililolitafakari wiki nzima na kuliona halina kasoro: kuwarushia ugali wa jana. Siku ya kwanza lilifanya kazi ya ajabu. Mbwa walisimama, wakala, tukapita tukicheka. Siku ya pili walitungoja kwenye uzio. Siku iliyofuata walitungoja chini ya tuta, mbali na kwao, na siku nilipokosa ugali walinisindikiza hadi karibu na lango la shule wakiniuliza kwa macho. Waswahili husema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Sisi tulikuwa Walutheri, lakini methali haikutubagua.

Siku yenyewe ilikuja karibu na shule kufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Ng'ombe walikuwa wametoka kupita, kijia kimejaa vumbi laini kama unga, na gurudumu la mbele likazama. Sikumbuki kuanguka. Ninachokumbuka ni kwamba nililala chali nikitazama gurudumu likizunguka hewani, na mahali fulani Dada Upendo akatoa sauti fupi, kama mtu aliyekanyaga maji ya moto. Watasema alikuwa amemshika kwenye muundi. Mtu mmoja alipiga mluzi kutoka zizini, mbwa akaachia, na Dada akasimama, akainua baiskeli, akaniinua mimi, akanipangusa vumbi kwenye nywele, damu ikimwingia kwenye kiatu. "Umeumia?" aliniuliza. Yeye, akiniuliza mimi.

Mama alimwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu sana, mpaka nikadhani anataka kuuosha mguu mzima uishe. Baba akampeleka hospitali kwa sindano za kichaa cha mbwa, na hospitali wakaagiza Watasema afungwe na kutazamwa. Habari zilienea kabla hawajarudi. Kijana mmoja muuza maziwa alisimama mlangoni kwetu na madumu yake, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Mhehe kaumwa na mbwa! Basi dunia imepinduka, kesho nyasi zitakula ng'ombe!" Mama alicheka licha ya yote. Baba hakucheka. Jioni, tulipokuwa tunakula, alisema kwa sauti ya chini anayoitumia akiwa amekwisha kuamua: "Shule zikifungua, Upendo anakwenda Ilula kwa baba mkubwa. Huyu mdogo atasubiri kazi ya mfereji iishe."

Hakuna aliyehitaji kueleza maana ya Ilula. Baba mkubwa alikuwa mtu mwema mwenye mashamba ya nyanya na uhaba wa mikono. Binti wa shangazi yetu alikwenda kwake "kwa muda tu", mpaka nafasi ya shule ipatikane, na tulipomwona mara ya mwisho alikuwa anakimbilia basi na ndoo kichwani, hodari kweli, akijua bei zote, na hakuna aliyekumbuka tena habari za nafasi ya shule. Dada Upendo alikuwa na mwaka mmoja na ushei kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Alitaka kuwa muuguzi. Alikuwa akilisema neno hilo kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai. Usiku ule hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa niaba yake, na yeye akanibembeleza mimi.

Siku chache baadaye Mzee Shija alikuja kutoa pole. Alikuwa mrefu, mwenye fimbo na koti kuukuu, akaleta kibuyu cha maziwa. Alisalimia kwa kirefu: afya ya Baba, ya Mama, ya mpunga, ya ndugu wa Iringa ambao hakuwahi kuwaona. Ndipo akasema, "Mbwa wangu hana kichaa. Tumemfunga, tunamwangalia, anakula vizuri. Lakini mzazi mwenzangu, nikuambie. Mimi pale nina ng'ombe. Mtu akipita uani kwangu anakimbia, hasemi neno, mbwa atajuaje kama ni mwanafunzi? Kwetu anayekimbia bila salamu ni mwizi wa ng'ombe."

"Ile ni njia ya watu wote," Baba alisema.

"Ni njia ya ng'ombe wangu, nawaachia watu wapite. Wenzenu wote wakifika pale wanashuka baiskeli. Hawa watoto wako wanapita kama mshale. Mke wangu ananiuliza, hawa Wahehe tumewakosea nini?"

Baba alikuwa ametulea kwa heshima, na sasa anaambiwa sebuleni kwake kwamba watoto wake hawana adabu. Alishukuru kwa maziwa, akamsindikiza mgeni hatua chache kuliko desturi, akarudi uso umekaza. Dada alikuwa amekaa nyuma ya pazia la chumba chetu, mguu umefungwa bendeji, akisikiliza kila neno. Baba alisikia lawama katika maneno yale. Dada alisikia maelekezo. Mimi, nikiwa nimekaa pembeni yake, nilisikia neno "mwizi" tu, nikaanza kuwaza kama polisi watakuja.

Watasema alipofunguliwa, mzima kabisa, Dada Upendo aliniambia nivae viatu. Ilikuwa asubuhi ya likizo, Baba yuko shamba, na Dada alikuwa amevaa sare yake ya shule. Nilimuuliza kwa nini sare. "Ili waijue," alisema. Nilimpa sababu zangu zote za kutokwenda, na zilikuwa nyingi na zimepangika vizuri. Nilimkumbusha hata methali kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. "Kweli," alisema, "lakini kwa mwoga hakuna shule. Panda."

Tuliteremka kwenye tuta. Sauti ya gurudumu ikaanza, tiki-tiki, na hapakuwa na njiwa. Kabla ya kufika kwenye uzio wa minyaa, mahali ambapo siku zote aliinama na kuanza kukanyaga kama anayekimbiza roho yake, Dada alifunga breki. Akaweka mguu mzima chini, akapitisha ule wenye bendeji juu ya bomba, akasimama. Mimi nikateleza kutoka kwenye keria kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Akaiweka baiskeli ubavuni, kati yetu na uwanja, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye tandiko, akaniambia taratibu, "Usiwatazame machoni. Usikimbie. Hata ukiguswa na pua, usikimbie." Niliinua macho juu, nikayakaza kwenye ncha ya mnyaa mmoja, na yote yaliyofuata niliyapata kwa masikio. Watasema alikuja na radi yake. Sijali akapita upande. Nikasikia kucha kwenye udongo mkavu nyuma yangu, zikakaribia, zikasimama, na pumzi ya joto ikanigusa nyuma ya goti. Na juu ya kelele zote zile nikasikia sauti ya dada yangu, imenyooka, haina haraka, kama anaita mtu aliye ng'ambo ya mto:

"Mwangaluka!"

Ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Sijui aliifanyia mazoezi wapi. Hakuna aliyejibu. Mbwa wakazidi. Akasema tena, kwa sauti ileile, bila kuipandisha, "Mwangaluka!" Nikawaza kwamba hakuna mtu nyumbani, kwamba tunasalimia nyumba tupu, kwamba tutakutwa jioni. Akasema mara nyingine. Ndipo mlango wa jikoni ukalia, na sauti ya mwanamke mzee ikajibu, ndefu na ya kuimba, "Mwangaluka, mayu!" yaani mama, kwa heshima. Na hapo, kwa namna ambayo nimeitafakari miaka yote hii bila kuimaliza, kelele zikakatika. Ilikuwa kama mtu amefunga redio. Pumzi ikaondoka kwenye goti langu. Watasema akajilaza kwenye kivuli cha uzio akianza kujilamba mguu, kama karani aliyemaliza kazi yake ya mlangoni na kutuachia tuendelee na ofisi inayofuata.

Aliyejibu alikuwa mke wa Mzee Shija, bibi mnene mwenye unga mpaka kwenye viwiko. Alitutazama, akatazama bendeji, akatazama mbwa, na uso wake ukajaa furaha ya mtani aliyeletewa nafasi nyumbani. "Karibuni, Wahehe," alisema. "Mmekuja kuchagua yupi wa mchuzi?" Watoto zizini wakaangua kicheko. Mimi nilitamani kufa. Dada Upendo, aliyekuwa bado ameshika tandiko, aliwapitia mbwa wote kwa macho taratibu, kama mtu aliye sokoni, akamnyooshea kidole Watasema. "Yule mweusi, Bibi. Lakini namsubiri anenepe. Juzi alinionja mimi, nikaona haki yangu nami nimwonje." Bibi alicheka mpaka akakaa chini kwenye kinu, akajipiga mapaja, unga ukapaa. Akamwita mumewe aje asikie. Akatuletea maziwa mgando na viazi, akamwambia Dada majina ya mbwa na tabia zao, na lile jike la rangi ya vumbi nikajua kumbe linaitwa Pole.

Likizo nzima Dada alikwenda kule karibu kila siku, mara nyingine kwa shughuli ya kweli, mara nyingi kwa shughuli aliyoitunga. Kila mara alishuka mahali palepale. Kila mara alisalimia na kungoja ajibiwe, hata bibi alipokuwa mbali anapepeta. Ninavyokumbuka, hilo la kungoja ndilo lililonishinda kuelewa. Mimi nikimsalimia mtu asiponijibu mara moja, huanza kutafuta kosa langu. Yeye alisimama pale, mbwa wakimzunguka, ana uhakika kwamba jibu liko njiani na linatembea kwa miguu. Mbwa walianza kumpokea kwa mkia. Nami walianza kunivumilia. Pole alikuwa akinifuata nyuma bila kelele, na siku moja nilishusha mkono nikaugusa mgongo wake, mgumu na wenye joto kama jiwe la kiangazi, kisha nikaurudisha mkono haraka na kuhesabu vidole.

Lakini Baba alikuwa bado hajabadilisha neno. Shule zilipokaribia kufunguliwa, begi la Dada lilikuwa limeshafungwa, la Ilula. Dada alimwomba jambo moja tu: atusindikize asubuhi ya kwanza, ajionee, halafu aamue. Nadhani Baba alikubali ili asije akaambiwa hakutazama. Aliazima baiskeli kwa jirani, akaja nyuma yetu, amevaa koti lake la kanisani. Tulipofika kwenye uzio Dada alishuka, akanishusha, akaita salamu. Baba hakushuka. Alikuwa mtu mzima, ana mambo yake kichwani, na pengine bado alikuwa na yale maneno ya sebuleni. Alitupita kwa mwendo wa kawaida akipiga kengele, kring, kring, kama wafanyavyo watu wazima wa kwetu milimani wakipita mbele ya nyumba ya mtu, kengele ikiwa ndiyo salamu.

Mbwa watatu walinyanyuka kwa pamoja. Baba akaanza kukanyaga kwa nguvu, na sisi tuliyajua mambo hayo yanakoishia. Ndipo dada yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu Baba hata kwa nusu ya neno, akapaza sauti: "Baba, shuka! Shuka chini!" Mimi nilishika mdomo. Sikujua nani atauma kwanza, Watasema au Baba. Lakini Baba alishuka. Alishuka vibaya, suruali ikanaswa na cheni, akasimama na mguu mmoja umeinuliwa, baiskeli mbele yake, koti la kanisani limejaa vumbi, na kwa kuchanganyikiwa akaita salamu ya kwetu, ya Kihehe, kwa sauti yote: "Kamwene!"

Mzee Shija alikuwa ameshatoka nje. Alimtazama Baba, akatazama cheni, akawatazama mbwa wake waliokuwa wamesimama na kumsikiliza mtu huyu. "Kamwene, Mhehe," alijibu polepole. "Usiwatazame hivyo, bado wabichi." Nilimwona Baba akivuta pumzi, nikajua anachagua, na mwaka mzima wa Dada ulikuwa ndani ya uchaguzi ule. "Usiwe na wasiwasi, mzee," alisema. "Leo nimekuja bila kisu." Wazee wawili wakacheka, Mzee Shija akapiga goti kuinasua suruali ya Baba kwenye cheni kwa mikono yake mwenyewe, na wakaulizana habari za nyumbani kwa muda mrefu kiasi kwamba tulichelewa kuhesabu namba shuleni. Tulipofika kwenye lango la shule Baba aligeuza baiskeli. Hakutaja Ilula. Alimwambia Dada, "Kuanzia kesho mtoke mapema kidogo. Salamu za yule mzee ni ndefu." Jioni tuliporudi, begi lilikuwa limefunguliwa, na Mama alikuwa amezitundika nguo za Dada ukutani, moja moja.

Nilipita kule hivi karibuni. Kijia kimekuwa barabara ya kifusi, tuta limejengwa kwa saruji, na wanafunzi wanapita kwa bodaboda, watatu watatu, mbio. Mzee Shija hayupo tena, Mungu amrehemu. Wanawe wamejenga nyumba za bati, na mbwa wapo, vitukuu vya Watasema labda, wanaifukuza kila pikipiki mpaka mwisho wa uzio na kurudi wakiwa hawajamjua mtu. Siwezi kusema zamani ilikuwa bora. Mabinti wa sasa wanafika shuleni miguu yao ikiwa mizima, na mbwa wanachanjwa. Lakini niliposimama pale na kuita salamu, kijana aliyetoka alinitazama kwa mashaka, akaniuliza nauza nini.

Dada Upendo ni muuguzi Iringa. Mimi nina shahada, nina chumba Ilomba, na nina tabia ya kuandika ujumbe wa kuomba kazi, kuusoma mara nyingi, na kuufuta. Wiki hii nimeitwa kwenye usaili. Nimekwishawaza maswali yote, na majibu yote, na namna zote za kuingia mlangoni. Jana nikampigia Dada simu, nikamwambia ukweli: kwamba tangu utotoni najilinganisha na msichana yule aliyesimama na mguu wenye bendeji bila kutetemeka, na kila mara naona mimi sikuumbwa kwa udongo ule.

Nikasikia kicheko chake.

"Bila kutetemeka? Nilijikojolea, wewe. Mpaka soksi zikalowa. Hukuona?"

Nikasema sikuona.

"Utaonaje, na ulikuwa unaangalia juu kama kuku anayekunywa maji." Wodini kwake mtu akamwita, akajibu anakuja. "Usaili ni saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Basi vaa sketi nyeusi," alisema, "uende."